Mechi Zisizohesabiwa

Tangu nipone, namba yangu ya simu imekuwa mali ya umma. Mtu wa Tanga akisikia shangazi yake kakutwa na uvimbe shingoni, anapewa namba yangu. Mkenya wa Deira, hapa Dubai, ambaye ndiyo kwanza ametoka kwa daktari na karatasi mkononi, naye anapewa namba yangu. Wote wananiuliza yaleyale: nywele zilinyonyoka lini, kinywa kiliuma vipi, niliweza kula nini. Nawajibu, sina uchoyo. Lakini kuna jambo moja sijalisema kwenye simu hata mara moja, kwa sababu ni refu na lina aibu ndani yake, na ndilo nimeamua kuliandika. Linahusu besiboli. Ndiyo, ule mchezo wa Wamarekani wa kupiga mpira kwa gongo.

Nieleze kwanza besiboli iliingiaje kwa mwanamke wa Tanga. Mume wangu Sadati ni Mganda, na shule aliyosoma kwao ilikuwa na mwalimu aliyewafundisha mchezo huo. Tulikutana hapahapa Dubai, yeye akiwa mlinzi wa jengo moja la Silicon Oasis, mimi nikifanya usafi kuanzia ghorofa ya tano mpaka ya tisa. Alipoambiwa na Mfilipino mmoja kwamba kuna watu wanacheza besiboli kila Jumapili kwenye uwanja wa mchanga nyuma ya maghala, alikaribia kulia. Timu ilikuwa ya Wafilipino watupu, ukitoa Wajapani wawili na Mvenezuela mmoja fundi wa lifti. Sadati akawa mdakaji wao, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji na kinyago cha chuma usoni, akidaka kila kinachorushwa.

Mimi mchezo wenyewe niliudharau. Watu wamesimama juani, huyu anajikuna, yule anarekebisha kofia, robo saa inapita hakuna aliyekimbia. Nilimwambia Sadati hiyo ni rede ya wanaume wavivu, maana kwenye rede yetu ya utotoni angalau mtu alikuwa anatoka jasho. Mechi za ligi zilinichosha kabisa. Watu walinuna, waligombana na mwamuzi, na Sadati akirudi nyumbani wameshindwa hali chakula.

Nilizozipenda ni mechi za kupasha. Ligi ya huku huanza joto likishavunjika, na kabla haijaanza kuna wiki nne au tano za kujaribu tu. Kapteni wao ni mzee mmoja ambaye wote wanamwita Kuya, yaani kaka kwa lugha yao, ingawa ana wajukuu. Kuya ana desturi yake: katika mechi hizo hakuna anayecheza nafasi aliyoizoea. Mrushaji anapelekwa kusimama mwisho wa uwanja, mnene anapewa kazi ya kukimbia, mdakaji anaambiwa arushe. Wanakosea vibaya mno. Ubao wa matokeo unageuziwa ukutani, na mechi inakwisha watu wakisikia njaa.

Nilikuwa natandika mkeka wangu pembeni, nina chupa ya chai na sahani ya vitumbua, nimevua viatu. Mpira ukiingia kwenye glavu unalia pa! halafu kimya, halafu mtu anacheka, halafu pa! tena. Maisha yangu yote ya Dubai yalikuwa ya kuhesabiwa: saa za zamu, idadi ya vyumba, siku zilizobaki za viza. Pale kwenye mkeka hakuna aliyekuwa anahesabu chochote. Sadati alikuwa anasahau kama ana mke, anarukaruka kama kuku aliyefunguliwa tenga, na mimi namtazama kwa raha zangu. Kama kuna kitu nilikitamani kitandani baadaye, kuliko hata afya yenyewe, ni zile saa mbili.

Uvimbe ulijitokeza baada ya Idi kubwa. Kabla yake mwili ulikuwa unawasha bila kipele, na mashuka yanalowa jasho AC ikiwa imewashwa. Sisi tunakaa International City, fleti moja tunaishi na Wanjiru, Mkenya anayefanya kazi ya keshia, yeye na chumba chake na sisi na chetu. Ndiye aliyeuona wa kwanza, tukiwa jikoni.

"Mama Nasra, hiyo shingo yako iko na nini?"

"Nimelalia vibaya."

"Kulalia vibaya haifanyi mtu afure hivyo. Aki enda hosi, na usiniambie ati uko na shift."

Nikasema nitakwenda, nikapoteza wiki tatu. Unayesoma hapa na una kitu shingoni kisichouma, usipoteze wiki tatu kama mimi. Nilipokwenda wakakata kipande, tukangoja, wakatuita, wakasema ni saratani ya tezi za limfu na kwamba inatibika. Dripu kumi na mbili, moja kila wiki mbili. Sadati aliuliza kwa Kiingereza chake kizuri maswali yote. Mimi niliuliza moja tu, kama nitapoteza nywele, halafu nikaona haya kwamba ndilo nililouliza.

Chumba cha kungojea nakijua kuliko chumba changu. Viti vya bluu vimeunganishwa, mmoja akitingisha mguu wote mnatingishika. Televisheni inaonyesha mapishi bila sauti mchana kutwa, mbele ya watu ambao harufu ya chakula tu inawatapisha. Unachukua tiketi, unakaa, unaangalia namba. Dripu ya kwanza ilikuwa Agosti, jua la nje linachoma mpaka bomba la maji baridi linatoa maji ya moto. Sista wa Kikerala, kusini mwa India, aliyenihudumia alikuwa ananiita chechi, dada kwa kwao, na kila akiweka ile dawa nyekundu alinipa vipande vya barafu nimung'unye ili kinywa kisije kikachubuka. Alikuwa anaipasha moto mikono yake kwanza kabla ya kunigusa. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo.

Nywele zilitoka baada ya dripu ya pili, zikaja na kitana zote kwa pamoja. Kucha zikawa na mistari ya kahawia. Maji yakawa na ladha ya chuma, chai ya maziwa ikanuka kama kutu, na miguu ikawa na ganzi hadi nikawa navaa kandambili huku nachungulia kama kweli zimeingia. Nilikuwa mtu wa maneno mengi, nikawa mtu wa ndiyo na hapana.

Na Sadati akaanza kuniangalia.

Sijui niliseme vipi nisionekane sina shukrani. Alikuwa ananiangalia nikinywa maji, nikipanda ngazi, nikilala. Nikikohoa chumbani, anasimama mlangoni na kipimajoto. Alikuwa ananiuliza "uko sawa?" mpaka neno lenyewe likapoteza maana. Alikuwa mume wangu wa kunitania na kugombana naye kuhusu chumvi, sasa kawa mlinzi wangu, na kulinda ndiyo kazi yake, anaijua. Nikimwambia "Baba Nasra, niache kidogo," anasema "kale, kale," yaani sawa kwa Kiganda, anageuza uso, halafu naona kwenye kioo cha kabati bado ananiangalia.

Nasra, binti yetu, yuko Tanga kwa mama yangu. Mama hakuikubali hospitali hata siku moja. Kila simu ilikuwa, "Mwanangu, hayo madawa yao yanakumaliza, nakusikia sauti." Baada ya dripu ya tatu akaniambia amenitumia kitu, amempa Bi Saumu, jirani yetu wa Tanga anayekuja huku Dubai, soko la Naif, kununua nguo za watoto za kwenda kuuza nyumbani. Nikamwambia Sadati nakwenda kupunga upepo na Wanjiru. Nikaenda Naif peke yangu nimevaa barakoa, nikamkuta Bi Saumu kati ya marobota, akanikumbatia, akalia, akanipa kifurushi cha magome na mizizi kilichofungwa kwa kipande cha kanga ya mama.

"Loweka kwenye maji baridi siku tatu," mama aliniambia kwenye simu. "Usichemshe. Ukichemsha unaua nguvu yake. Kunywa kikombe asubuhi na jioni, na usimwambie mumeo, Waganda wana maneno."

Nikaloweka kwenye chupa ya plastiki, nikaificha chini ya kitanda nyuma ya sanduku. Mtu mzima, nimesoma mpaka kidato cha nne, daktari ameniambia hata saladi nisile mbichi. Nikanywa. Lile gome lilinuka nyumba ya mama, ule ubichi wa ghalani kwake, na nilikuwa nimekumbuka nyumbani kiasi kwamba ningekunywa hata udongo.

Mechi ya kwanza ya kupasha ya mwaka ule iliangukia siku chache baada ya dripu ya nne. Niliiomba kama mtoto anavyoomba sikukuu. Daktari akasema sawa, nivae barakoa, nikae mbali na watu. Sadati alibeba kiti, mwavuli, feni ndogo ya betri na mfuko wa dawa, ungedhani tunahama. Kuya akaja kunisalimia kwa mbali, mkono kifuani. Mechi ikaanza, pa! ikalia, na kwa dakika tano nilikuwa mzima. Lakini Sadati kila mpira mmoja aligeuka kuniangalia. Alipewa kurusha, akawa anarusha huku shingo iko kwangu. Mpira mmoja ukampita sikioni Mvenezuela kwa sababu macho ya Sadati yalikuwa kwenye kiti changu. Katikati ya mechi akakimbia kuniletea juisi ya embe kwenye kikombe, na barafu kutoka kwenye boksi la timu. Nikainywa yote.

Siku ya pili yake, mchana, nikaanza kutetemeka. Joto likapanda mpaka thelathini na tisa na nusu. Wanjiru aliacha kazi akaja kunivalisha viatu. Nililazwa siku tisa, chumba cha peke yangu, kila anayeingia kajifunika uso. Siku ya tatu daktari akasema wamepata vijidudu kwenye damu, vya aina inayotokana na kitu cha kunywa au kula kisicho safi. Akauliza, mbele ya Sadati, "Kuna dawa nyingine yoyote unatumia? Ya mitishamba, ya nyumbani?"

"Hakuna," nikasema.

Sadati alikuwa amekaa kwenye kiti cha pembeni. Akasema taratibu, kama anayejisemea, "Barafu. Ni ile barafu niliyompa."

Ningeweza kusema pale pale. Nilikuwa na joto, nilikuwa na hofu, lakini kichwa kilikuwa kinafanya kazi. Nilimwona anavyoinama, nikanyamaza.

Niliporudi nyumbani nikamwaga ile chupa chooni, nikatupa na magome. Mama nikamwambia naendelea kunywa. Na Sadati akachukua glavu yake, kile kinyago na vilinda goti, akampa mmoja wa wale Wajapani. Nilimuuliza kwa nini. Akasema, "Khalas. Mchezo umeisha. Mimi si wa kucheza huku wewe uko hivi." Hakusema neno barafu tena mbele yangu, na ndiyo maana nilijua analifikiria kila siku.

Dripu ya sita, ya saba, ya nane. Joto la nje lilivunjika, watu wakatoka na mikeka bustanini, ligi ikaanza bila yeye. Basi letu linapita karibu na ule uwanja. Jumapili akiwa dirishani, tukikaribia pale, alikuwa anageukia upande wangu na kuniuliza kama nina baridi. Nilikuwa namsikia Kuya kwa mbali akipiga makelele, nasikia pa! hata kupitia kioo, au nilidhani nasikia. Iliniuma kuliko sindano. Nilitamani nirudishiwe mwanaume asiyejua kama nipo, na mimi ndiye niliyekuwa nimemfungia mlango nikakaa na ufunguo.

Tulikuwa kwenye viti vya bluu, tunangoja dripu ya kumi. Pembeni yetu alikaa kijana wa Kikenya na mkewe, wapya, karatasi bado safi. Yule kijana akamuuliza Sadati vitu vya kuangalia. Sadati akamweleza vizuri, kwa upole, kama mwalimu: kipimajoto, sabuni, barakoa. Halafu akasema, "Na usimpe kitu cha nje. Mimi nilimpa huyu kikombe cha juisi, karibu nimuue."

Alilisema bila uchungu, kama mtu anayetaja jina lake. Kumbe ameshalikubali. Ameshalifanya lake la maisha.

"Haikuwa barafu," nikasema.

"Nini?"

"Haikuwa barafu, Baba Nasra. Mama alinitumia mizizi. Nilikuwa naloweka kwenye maji mabichi, nakunywa asubuhi na jioni. Ilikuwa chini ya kitanda. Nilikunywa wiki mbili kabla ya ile homa."

Halafu mume wangu, ambaye kwa miezi mitano alikuwa ananong'ona kama yuko msikitini, alisimama akapiga kelele mpaka yule mpishi wa televisheni asiye na sauti akaonekana ameduwaa.

"Miezi mitatu! Banange, miezi mitatu naamka na ile barafu hapa kifuani! Nimekaa na wewe kila siku, nakuangalia, nasema huyu nilitaka kumuua kwa mkono wangu! Na wewe umelala juu ya chupa!"

"Nisamehe."

"Usiniambie nisamehe! Daktari alikuuliza! Mimi nikiwa hapo! Si alikuuliza?"

"Aliniuliza."

Akatoka. Namba yangu ikaitwa. Nikaingia peke yangu, nikamwambia daktari yote kabla hajakaa. Hakunigombeza. Aliandika, akaagiza kipimo cha ini, akasema angefurahi kulijua Oktoba. Sista wa Kikerala alinipa barafu ya kumung'unya na sikuweza kuitia mdomoni. Dripu ilipokwisha nilimkuta Sadati kwenye viti vya bluu, macho mekundu, ameshika mkoba wangu mapajani.

Aliniwekea kinyongo siku nne. Alibamiza masufuria. Alikula kabla yangu. Wanjiru akaninong'oneza, "Huyu mzee wako amekasirika mbaya, nimuongeleshe?" Nikamwambia amwache. Sitaficha, nililia, lakini ndani ya kilio kile kulikuwa na kitu kitamu: mtu hamkasirikii hivyo mgonjwa wa kufa. Alikuwa anamkasirikia mkewe. Siku ya tano akaniambia chumvi imezidi kwenye mchuzi, nikamwambia apike mwenyewe, akacheka bila kutaka.

Mama nikampigia pia. Nikamweleza ile homa ilitoka wapi. Akasema, "Mwanangu, mimi niko huku, wewe uko huko. Nilikuwa natafuta la kufanya." Na wewe unayesoma, kama una chupa chini ya kitanda, mwambie daktari wako leo, hata kama aliyekutumia ni mama.

Dripu ya kumi na mbili ilipita, na picha kubwa ya Februari ikaonyesha hakuna kitu. Nywele zilirudi laini kama za mtoto mchanga. Nikarudi kazini nusu siku, ghorofa mbili tu. Tukamaliza Ramadhani, tukaingia kwenye joto tena. Nilidhani nikishaungama, Sadati ataacha kuniangalia. Hakuacha. Kumbe si barafu peke yake, ilikuwa hofu, na hofu haikusikia picha za hospitali. Nikiinama kuokota kitu, namsikia pumzi imesimama.

Joto lilipovunjika, Kuya akampigia simu. Mechi ya kwanza ya kupasha, Jumapili, alasiri. Sadati akasema hana glavu. Kuya akasema zipo. Sadati akasema yuko na zamu. Nikamnyang'anya simu, nikamwambia Kuya kwa Kiingereza changu kibovu kwamba hana zamu, ni mwongo, tunakuja.

"Nakwenda kutazama tu," Sadati akaniambia kwenye basi.

"Tazama."

Nikatandika mkeka. Upepo ulikuwa mzuri, vumbi kidogo, ubao umegeuziwa ukutani. Kuya alimtupia glavu ya kuazima na kumwonyesha kwa kidole mwisho kabisa wa uwanja, kule anakopelekwa mtu asiyejua mchezo. Sadati akaenda anajikokota. Alipofika akageuka kuniangalia, akanionyesha dole gumba. Nikamwonyesha langu. Mpira mmoja, akageuka. Mpira wa pili, akageuka. Nilitaka kusimama niondoke, labda nikiondoka atacheza. Lakini ataacha mchezo anifuate.

Halafu Mvenezuela akaupiga mmoja juu sana, ukakaa kule juu kama hautashuka, kisha ukaanza kuja upande wake. Sadati akakimbia kinyumenyume, mikono juu, akajikwaa, mpira ukamdunda begani, akaanguka chali. Uwanja mzima ukacheka. Alinyanyuka mchanga umejaa masikioni, akapiga kofia gotini, akapiga kelele kwa Kiganda, halafu kwa Kiingereza: apigiwe mwingine. Mwingine ukaja. Akaukosa. Akatukana. Akasogea nyuma hatua kumi, akainama, mikono magotini, macho kwa mpigaji.

Nilikunywa chai yangu. Miguu bado ina ganzi kidogo vidoleni, kwa hiyo niliinyoosha. Pa! Kimya. Pa! Wakabadilishana, wakarudi, mtu akaangusha gongo, mtu akaimba. Jua likateremka nyuma ya maghala. Nikakumbuka kwamba muda mrefu umepita na hajageuka, nikaogopa kuamini, nikainua mkono kumpungia. Hakuuona. Nikauinua juu zaidi. Alikuwa anakimbia, anaita mpira kwa sauti, ulimi nje, na mimi sikuwepo popote duniani. Mume wangu alikuwa amenisahau.

Nikaushusha mkono polepole, asije akaniona.